Mume Wangu Anataka Kumuumbua Bingwa wa Kuruka Kinyumenyume, na Bingwa Ni Mimi

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana Jumapili saa nane mchana mume wangu amewaalika mama yake na dada yake waje nyumbani kwetu wakae kwenye makochi, wale karanga, wamtazame mtu akiumbuliwa kwenye televisheni, na mtu huyo ni mimi, na yeye hajui.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka thelathini na tisa, nashona sare za shule, maoveroli na mapazia, na kiwanda changu chote ni sebule yetu, cherehani iko chini ya dirisha, meza ya kukatia iko katikati, na ukutani iko televisheni ya mume wangu, nasema ya mume wangu kwa sababu mimi sijachagua cha kuangalia kwa miaka miwili. Yeye ni mchora ramani katika ofisi ya maji, mtu mpole, hanywi, hagombi, mtaani wanamwita Kocha kwa sababu hajawahi kumwona mtu anafanya jambo lolote, iwe kubadilisha gurudumu au kukaanga yai, akapita bila kumwelekeza.

Sasa huyu Kocha miaka miwili iliyopita akaleta nyumbani mashine ya gemu ya zamani, ile tuliyokuwa tukiichungulia kwa majirani tukiwa wadogo, na gemu moja tu, la fuko, yule mnyama mchimba mashimo, aliyevaa buti nyekundu anayeruka kutoka jukwaa hadi jukwaa ndani ya ngome akikusanya taa. Ni gemu la watoto. Kumbe, mshauri, duniani kuna watu wazima wenye familia wanaoshindana nani atalimaliza kwa muda mfupi kuliko wenzake, wana ukumbi wao mtandaoni, wana waamuzi, wana orodha ya rekodi, na ufundi wao mkubwa si kucheza vile gemu lilivyokusudiwa, ni kutumia kasoro ambazo waliolitengeneza waliziacha humo bila kujua.

Kasoro kubwa kuliko zote wanaiita mruko wa nyuma, nami nitakueleza kama nilivyoelezwa, kila siku, wakati wa chakula, kwa chupa ya chumvi ikiwa ndiyo fuko. Fuko akikimbia mbele, gemu limemwekea kikomo cha mwendo. Lakini kikomo cha kurudi nyuma walisahau kukiweka. Kwa hiyo ukimsimamisha fuko aipe mgongo ngazi ya ngome, ukamrusha kinyumenyume, ukabonyeza tena kabla hajatua vizuri, na tena, na tena, kila mruko unapanda juu ya mwendo wa ule uliotangulia, mpaka fuko anakwenda kasi ambayo gemu lenyewe haliwezi kuifuata, na ule mlango mkubwa wa ngome, ambao ulitakiwa uufungue kwa taa hamsini, anaupita kama haupo, kwa sababu gemu likija kuangalia fuko yuko wapi, fuko tayari yuko upande wa pili. Ila kidole gumba kinatakiwa kibonyeze mara kumi kwa sekunde moja kwa mapigo yaliyo sawasawa, na hapo ndipo mume wangu anapokwama.

Miaka miwili, mshauri. Fuko anaruka, anagonga mlango, anaanguka kitako. Mara moja kati ya thelathini anapenya, na siku hiyo hatupumui, tunasimuliwa hadi wakati wa kufua. Mimi nina matundu ya vifungo themanini mbele yangu na nyuma yangu nasikia tu pu, pu, pu.

“Umeona hiyo? Nimekaribia!”

“Nimeona.”

“Hujaona, ulikuwa unaangalia kitambaa.”

Siku moja nikamwambia, kwa nia njema kabisa, “Unaanza haraka halafu unapoteza mapigo. Anza taratibu.” Akacheka, akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyetamka neno la kikubwa.

“Mke wangu, haya ni mambo ya fremu. Picha sitini kwa sekunde. Siyo kushona.”

Siyo kushona. Basi neno hilo likanikaa, nikalala nalo, nikaamka nalo, na alasiri moja, watoto wako shule ya bweni, yeye yuko kazini, nimemaliza sare za darasa zima, nikakaa kwenye kiti chake nikashika padi ya kubonyezea. Siku ya kwanza fuko aliangukia kitako mpaka nikamwonea huruma. Siku ya tatu nikagundua kwamba ni kama kushona kola kwa cherehani ya kukanyaga, mguu uende mkono usubiri, mkono uende mguu usubiri, ukianza kufikiri umeharibu, nikaacha kufikiri, na fuko akaenda kinyumenyume akapita mlangoni kama hewa. Nilipiga yowe hadi mteja aliyekuwa barazani amekuja kupimwa suruali akaondoka, na mpaka leo hajarudi.

Aliyenikuta ni wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, ni muuguzi na ana funguo za kwetu. Alisimama nyuma yangu na mkoba wake begani, akatazama mara tatu, akasema, “Wifi, kaka yangu akiona hivi atalazwa.” Halafu yeye ndiye aliyenifundisha kurekodi na kutuma kwa waamuzi, na tulipoulizwa jina la kuchezea nikaandika la kwanza lililonijia, Pindo. Baada ya miezi mitano ya alasiri, Pindo alimaliza gemu lote kwa dakika kumi na sita na sekunde arobaini na moja, akawa wa kwanza kwenye orodha. Kocha ni wa arobaini na mbili.

Ningeishia hapo nisingekuandikia. Mume wangu akampenda Pindo. Kaka Pindo hivi, kaka Pindo vile, angalia vidole vya huyu jamaa, huyu lazima ni mhandisi. Akamwandikia kwenye ukumbi kuomba mafunzo, simu yangu ikalia ndani ya mfuko wa aproni wakati yeye amekaa mita mbili kutoka kwangu akisubiri jibu. Nikamjibu. Nakiri nilifurahia. Hajawahi kuniuliza swali akasubiri jibu namna ile. Tukaandikiana wiki nyingi, mpaka Pindo akamuuliza, “Na shemeji nyumbani anasemaje kuhusu mchezo huu?” Akajibu, “Ni mke mzuri sana, ila kichwani kwake kuna uzi na sindano tu, haya hawezi kuyaelewa.”

Mshauri, hapo ndipo nilipokosea, naandika nikiwa na aibu. Nilimwambia, mimi Pindo, kwamba siri ya mruko wa nyuma ni kuucheza umesimama kwa mguu mmoja, wa kushoto, ili damu ishuke vizuri kwenye kidole gumba. Akaamini. Wiki tatu nilishona mapazia ya hoteli nzima nikimwona mtumishi wa umma mwenye mvi amesimama sebuleni kama korongo, hadi goti likamvimba na dada yake akaja kumfunga bandeji huku akijiuma midomo asicheke. Ofisini akasema ameteleza kwenye ngazi.

Na la pili ni zito zaidi. Katika siku hizo za goti akamwandikia Pindo kwamba kile cheo cha mkuu wa kitengo, ambacho sisi nyumbani ametuambia kimeahirishwa, alipewa zamani msaidizi ambaye yeye mwenyewe ndiye alimfundisha kazi, kwamba kila asubuhi anampelekea kijana huyo ramani azisaini, na kwamba ameshindwa kumwambia mkewe na mama yake kwa sababu wanamwona mtu wa maana. Nilisoma nikiwa na pini mdomoni, nikazitoa moja moja, nikakaa. Sikujua nimjibu kama nani. Nikaandika, “Pole sana, kaka,” basi.

Nadhani goti na aibu ya kumfungulia moyo mtu asiyemjua ndivyo vilivyomgeuza, kwa sababu wiki iliyofuata aliwaandikia waamuzi barua ya kurasa tatu kwamba Pindo ni tapeli, anatumia mashine inayojibonyeza yenyewe, na anapotosha wengine kwa mafunzo ya uongo ili asifikiwe. Hili la mafunzo ya uongo siwezi kulipinga. Waamuzi wamesema kasoro za gemu ni halali kwa sababu zimo ndani ya gemu, ila mashine ya kubonyeza ni haramu, kwa hiyo Pindo atume video mpya inayoonyesha mikono yake na kioo kwa pamoja, itawekwa hadharani Jumapili, asipotuma afutwe.

Mikono yangu, mshauri. Kidole gumba cha kushoto sindano ya cherehani iliingia juu ikatokea chini mwaka wa kwanza wa ndoa, kovu lake ni kama herufi ya V, na aliyenibeba kunipeleka hospitali ni huyo huyo Kocha. Hata usiku wa kiza anaijua mikono hii. Wifi anasema nivae glavu za hospitali, ataniletea boksi zima. Mimi nafikiri nimwache Pindo afutwe, afe, yaishe, mume wangu ashinde hata jambo moja mwaka huu. Lakini nikifikiria fuko anavyopita mlango ule na kwamba wataandika tapeli mbele ya jina langu, sikubali. Nifanye nini?

Fundi mwenye uzi kichwani

JIBU LA MSHAURI

Dada Fundi, ulinipa namba ya simu na siku zilikuwa zinakwisha, kwa hiyo haya nilikueleza kwa mdomo Alhamisi ile ile barua ilipofika. Nayachapa leo kwa ruhusa yako ili na wengine wajisute.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikicheka na mara ya pili nimekunja uso. Tuanze na mumeo kwa sababu yeye ni mwepesi. Huyu ni mtu aliyekaa miaka miwili katika chumba kimoja na bingwa wa dunia, akapewa ushauri sahihi bila kuomba, akaucheka. Halafu ushauri wa kipuuzi wa kusimama kwa mguu mmoja akaumeza mzima, kwa kuwa alidhani umetoka kwa mwanamume. Goti lile, dada, sehemu kubwa alijivimbisha mwenyewe. Na aliposhindwa hakusema ameshindwa, alisema mwenzake ni tapeli. Kocha wa mtaa mzima hajui kufundishwa. Pole yake.

Wewe sasa, na usijifiche nyuma ya aproni. Kushinda si kosa. Kujiita Pindo si kosa. Kumtesa mtu wiki tatu huku unashona mapazia na kumtazama, hilo ni kosa, na wewe umelisimulia kwa raha mno, nimeiona raha yako katikati ya aibu yako. Angevunjika je? Na wifi yako muuguzi aliyefunga bandeji kwa kicheko, mwambie nimemsalimia na ajitazame.

Lakini la cheo ndilo linalonifanya nikuseme kwa ukali. Mumeo alitafuta mtu wa kumwambia, akamkuta mgeni, mgeni akawa wewe. Ulipaswa kutoka gizani siku ile ile. Badala yake ukaandika pole sana kaka, ukarudisha pini mdomoni. Siku akigundua, la mguu mmoja atakusamehe. Hili, kila siku unayoongeza unalifanya gumu zaidi.

Sasa sikiliza. Glavu hapana. Mtu anayevaa glavu ana cha kuficha, na waamuzi si wajinga. Kujifuta pia hapana. Unasema unataka ashinde hata jambo moja. Ushindi wa kupewa na mtu anayekuonea huruma haushibishi, naye ataurudia kwenye meza ya chakula kwa miaka kumi na chupa ile ya chumvi, na wewe utamchukia kimya kimya. Nakuambia kwa sababu nimewaona wengi.

Leo hii akitoka kazini, kabla hajawasha televisheni, mkalishe. Usianze na rekodi, anza na goti. Mwombe radhi kwa lile la mguu mmoja, kwa maneno mazima, bila kutabasamu. Kisha mwambie wewe ni Pindo. Kisha mwambie kwamba la kazini unalijua na mama yake hatalisikia kutoka kwako. Akitoka nje, mwache atoke. Atasema maneno mabaya, mengine utakuwa umeyastahili. Usimfundishe jinsi ya kukasirika. Halafu mpe kamera. Yeye aliyelalamika ndiye airekodi hiyo mikono. Akikataa, arekodi wifi, na Jumapili karanga ziliwe kama zilivyopangwa.

Na usicheze taratibu kwa makusudi ili kumpoza. Nikisikia umefanya hivyo nitakufuta mimi.

BARUA YA PILI

Mshauri, nilifanya kama ulivyosema, ila alipoingia mdomo wangu ulianza na rekodi badala ya goti, nisamehe. Alicheka. Alidhani namtania. Nikakaa kwenye kiti chake nikamwonyesha, fuko akapita mlango mara ya kwanza, akasema, “Bahati.” Nikarudia. Nikarudia tena. Mara ya nne alikaa chini sakafuni, akakishika kidole changu gumba akakigeuza kama anakagua ramani, akauliza, “Na goti?” Nikamwambia na goti ni mimi. Akatoka nje akakaa barazani hadi chakula kikapoa, na nilipomfuata nikamwambia la kazini, alisema tu, “Kwa hiyo ulijua siku zote hizo nilipokuwa nakuaga asubuhi na tai.” Nililia, yeye hakulia.

Ijumaa nzima aliniambia chumvi na asante tu. Jumamosi asubuhi akaja mwenyewe na kamera. Nikamwambia aondoe lile shtaka, akakataa katakata. “Liendelee. Nikiliondoa watasema nampendelea mke wangu.” Alirekodi, pumzi yake ikinichoma shingoni, mara mbili nikaharibu, mara ya tatu tulimaliza kwa dakika kumi na sita na sekunde thelathini na nane. Jumapili walikuja wote. Mama mkwe alitazama mikono kwenye televisheni, akatazama yangu, akamgeukia mwanawe. “Yaani ulikuwa unaomba mafunzo mtandaoni kwa mtu anayekupikia?” Wifi ilibidi atoke nje. Waamuzi wamelitupa shtaka, na mume wangu ameandika radhi hadharani, mistari miwili, yenye makosa matatu ya tahajia, mtu ambaye huchora mabomba ya mji mzima bila kukosea. Sasa anacheza amekaa. Anapenya mara moja kati ya kumi na mbili, na bado ananielekeza jinsi ya kukunja pindo.

Nakuandikia kwa sababu ya hili. Saa hizi ni saa kumi alasiri, mimi niko sebuleni, yeye yuko chumbani, kikohozi chake nakisikia. Simu imelia, ni ujumbe kwa Pindo, wa kwanza tangu siku ile. Ameandika, “Kesho nataka kumwambia mama kuhusu kazi. Nianzeje?” Anajua ni nani anayeusoma. Pindo amjibu nini?

JIBU

Pindo asijibu kitu. Umekaa hatua sita kutoka kwake, dada. Acha simu mezani, inuka uende.